Mchezo wa Sifu: ngumi zinazomlipisha kijana miaka yake

Kwa Kiswahili, «sifu» ni neno la kumwambia mtu atoe sifa. Kwa Kikantoni, lugha ya kusini mwa China, neno linalotamkwa karibu vilevile ni jina la heshima la mwalimu, yule anayempokea mtoto na kumlea ndani ya ufundi wake mpaka akomae, kama vile katika vilabu vya karate vya Goma na Bukavu kijana anavyomwita mkufunzi wake «maître». Ndilo jina la mchezo wa video uliotoka tarehe 8 mwezi wa pili mwaka wa 2022, na ambao tangu siku hiyo haujaacha kuwagawanya wachezaji. Wamoja wanausifu, kama jina lake linavyoamuru. Wengine waliuweka kando baada ya masaa mawili, wakisema hakuna raha ya kukaa mbele ya televisheni na kupigwa ngumi usiku mzima.

Ugomvi wote unazunguka jambo moja: mfumo wa mapigano. Kwani katika Sifu mchezaji hana kitu kingine cha kujificha nyuma yake. Hana bunduki, hana gari la kukimbilia, hana askari wa kumsaidia. Ana mwili wake, ngumi, teke, na vitu anavyookota sakafuni: chupa, rungu, fimbo, bomba la chuma. Mchezo ukisifiwa, ni mapigano yake yanayosifiwa. Ukilaumiwa, ni hayohayo yanayolaumiwa.

Lakini wanaousifu kwa sababu ni mgumu, na wanaoulaumu kwa sababu ni mgumu, wote wanajikwaa pahali pamoja. Ugumu si thamani ya mchezo huu, wala si kosa lake kubwa. Thamani yake ni kwamba kila kosa lina bei, na bei hiyo inahesabiwa kwa kitu ambacho kila mtu anakijua: miaka ya maisha.

Kutoka Paris, kwa sanaa ya nyusi nyeupe

Sifu umetengenezwa na Sloclap, studio ya Paris, Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka wa 2015 na watu waliotoka katika kampuni kubwa ya Ubisoft. Mchezo wao wa kwanza, Absolver, uliotoka mwaka wa 2017, ulikuwa tayari wa ngumi na mateke. Humo mchezaji alijipangia mwenyewe mfululizo wa mapigo yake, kama mtu anayepanga karata mkononi, kisha akaenda kukutana na wachezaji wengine kwenye intaneti. Wenye kupenda ufundi waliupenda. Lakini mtu aliyetaka hadithi na safari alibaki na njaa.

Kwa Sifu, studio ilichagua sanaa moja na kuishika: Pak Mei, aina ya kung-fu ya China ambayo jina lake linamaanisha «nyusi nyeupe». Mapigo yalipangwa pamoja na Benjamin Colussi, Mfaransa aliyejifunza Pak Mei huko China. Uamuzi huo unaonekana kwa macho. Katika michezo mingi, wapiganaji wanaruka juu na kuzunguka hewani kama vile uzito wa mwili umefutwa. Huyu wa Sifu anasimama karibu na adui, viwiko vimefungwa kifuani, na mapigo yake ni mafupi na ya haraka. Akisukuma mtu kwenye meza, meza inavunjika. Akimrudisha nyuma mpaka ukutani, ukuta unampiga mara ya pili. Anayejua kupigana anayatambua mambo hayo bila kuelezwa.

Hadithi yenyewe ni fupi. Usiku mmoja, mwanafunzi wa zamani aitwaye Yang anarudi na watu wanne kwenye shule ya mwalimu wake na kumwua. Mtoto wa mwalimu anaona yote. Naye anauawa, lakini hirizi aliyoishika mkononi inamrudisha kwenye uhai. Miaka minane baadaye, akiwa na umri wa miaka 20, kijana huyo, wa kiume au wa kike kama mchezaji anavyochagua, anatoka kuwatafuta watu hao watano, mmoja kwa mmoja, katika hatua tano: mtaa wa wauza dawa za kulevya, klabu, makumbusho, mnara wa kampuni, na mwisho pahali pa tiba pa Yang mwenyewe.

Msimamo kuliko nguvu

Kwenye kioo kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni uzima, kinachojulikana na kila aliyewahi kushika maneti: kikiisha, mtu anakufa. Cha pili kinapima namna mwili unavyosimama imara, na kwa Kiswahili jina linalokifaa ni msimamo. Kila pigo ambalo mchezaji analikinga kwa mikono linatikisa msimamo wake. Akizidi kukinga tu bila kufanya kingine, msimamo unavunjika, mikono inafunguka, na anabaki wazi kama mlango usio na kufuli. Adui naye ana msimamo wake, na sheria kwake ni ileile.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mchezaji ana njia nne za kujilinda, na kila moja ina faida na hasara. Anaweza kukinga, ambayo ni rahisi lakini inamchosha. Anaweza kupangua pigo, yaani kubonyeza kitufe wakati uleule linapofika, na hapo ni adui anayetikisika. Anaweza kubaki pahali pake na kuinamisha kichwa ngumi ipite juu, au kuruka kidogo teke la kufagia lipite chini. Au anaweza kuruka pembeni na kukimbia, ambayo inaokoa uzima lakini haimshindi mtu yeyote.

Njia ya tatu ndiyo roho ya mchezo. Anayekwepa vizuri bila kurudi nyuma anarudishiwa sehemu ya msimamo wake na anabaki karibu, tayari kujibu. Kwa hiyo mchezo unamlipa yule anayesimama mbele ya hatari na kuiangalia, si yule anayekimbia wala yule anayepiga ovyo. Msimamo wa adui ukivunjika, mchezaji anaweza kummaliza kwa pigo la mwisho, na pigo hilo linamrudishia uzima kidogo. Ndiyo sababu mpiganaji hodari anaweza kuingia na watu wanane akiwa hoi, na kutoka akiwa na afya kuliko alivyoingia.

Mfumo huu unaeleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na ile iliyoutangulia. Mwaka wa 2009, mchezo wa Batman: Arkham Asylum ulileta mtindo ulioigwa sana baadaye: maadui wanamzunguka shujaa, alama inatokea juu ya kichwa cha anayetaka kupiga, mchezaji anabonyeza kitufe kimoja, na shujaa anafanya kazi yote. Mwaka wa 2012, Sleeping Dogs, mchezo wa polisi wa siri ndani ya Hong Kong, ulifuata njia hiyo: adui anayetaka kupiga anageuka rangi nyekundu. Ni mapigano mazuri kuangalia, na yanamfanya mtoto wa miaka kumi na miwili ajione Bruce Lee. Lakini anayebonyeza anajibu alama, hamjibu mtu.

Katika Sifu, ni mapigo machache tu yanayotangazwa kwa mwanga. Mengine mchezaji anapashwa kuyasoma kwenye bega, kwenye kiuno, kwenye mguu unaorudi nyuma mbele ya teke kutoka. Mwanzoni haoni kitu. Baada ya siku chache anaanza kuona. Adui yuleyule aliyemtesa juzi anakuwa mtu anayejulikana tabia zake, kama jirani. Kijana wa hadithi anaongezewa mbinu, ni kweli, lakini anayekua zaidi ni yule aliyeshika maneti. Hiyo ni tofauti kubwa na michezo ambamo mchezaji anabaki alivyo na silaha zake ndizo zinazokua.

Bei ya kila kosa

Sasa lije jambo linalozungumzwa kuliko yote. Hirizi ina sarafu tano za kale. Kijana akiuawa, inamwinua pale alipoangukia, lakini akiwa amezeeka. Kifo cha kwanza kinamwongezea mwaka mmoja: alikuwa na 20, ana 21. Cha pili kinaongeza miwili: 23. Cha tatu kinaongeza mitatu: 26. Cha nne kinamfikisha 30, na sarafu moja inavunjika. Kama hakupata njia ya kupunguza hesabu hiyo, kifo cha tisa kinamkuta na 56 na kumwacha na 65. Akiisha kupita miaka 70, hirizi haina nguvu tena. Kifo kinachofuata ni cha mwisho.

Mwili unabadilika nao. Ndevu zinatoka, nywele zinakuwa na mvi. Mapigo ya mzee yana nguvu kuliko ya kijana, lakini uzima wake umepungua, na ngumi chache zinatosha kumwangusha. Kinachouma zaidi ni kwamba umri haufutwi mlango wa hatua nyingine ukifunguliwa. Aliyemaliza hatua ya kwanza akiwa na miaka 45 anaanza ya pili akiwa na 45. Anashinda, lakini anajua kwamba ushindi huo ni deni. Siku moja atarudi nyuma kuirudia hatua ya kwanza, si kwa sababu mchezo umemlazimisha, bali kwa sababu anataka kufika mbele akiwa bado na maisha mkononi.

Wazee wanasema majuto ni mjukuu. Ndani ya Sifu, mjukuu huyo anafika mapema. Kosa la kijinga lililofanywa mlangoni kwa muuza dawa, mtu wa bure, asiye na jina, linakuja kulipwa masaa mawili baadaye mbele ya mkubwa wa hatua ya tatu. Katika michezo mingi, kifo ni kitu cha kufutwa: kioo kinakuwa cheusi, mchezaji anarudishwa dakika tano nyuma, hakuna aliyeona. Hapa kifo kinaandikwa usoni.

Na bado mchezo si katili bila sababu. Kuna maadui ambao, wakiwa karibu kumalizwa, wanakataa, wanasukuma mikono ya mchezaji na kurudi wakiwa na nguvu zaidi. Akimshinda mmoja wao, hesabu ya vifo inapungua, na kifo kijacho kitakuwa cha bei ndogo. Mbinu nazo zinaweza kununuliwa mara nyingi mpaka zikawa mali ya daima, hata mchezaji akianza upya. Yaani anayekubali hatari kubwa anapunguziwa deni, na anayerudia kazi ileile kwa uvumilivu anajiwekea akiba.

Anayelipia dakika

Upande wa wanaolalamika unapashwa kusikilizwa. Mchezo ulipotoka, hapakuwa na njia ya kuchagua ugumu. Wote waliingia mlango mmoja, aliyezoea na asiyezoea. Uliuzwa zaidi ya nakala milioni moja katika mwezi wake wa kwanza, na sehemu ya wanunuzi haikuona hatua ya tatu. Mwezi wa tano mwaka wa 2022, Sloclap ikaongeza viwango vitatu: cha mwanafunzi, cha mfuasi, ambacho ndicho ule mchezo wa mwanzo, na cha bingwa. Katika cha mwanafunzi, mchezaji anapewa nguvu zaidi na adhabu ya miaka inapunguzwa. Katika cha bingwa, wakubwa wa hatua wanaongezewa mapigo mapya.

Kelele zikaanza upya, safari hii kutoka upande mwingine. Wachezaji waliomaliza mchezo mgumu waliona kama wamenyang'anywa cheo. Ugomvi huo haukuwa mpya. Mwaka wa 2019, Sekiro, mchezo wa Wajapani wa FromSoftware ambao nao unapima msimamo wa mpiganaji, ulizusha maneno yaleyale: je, mtengenezaji ana deni la kuweka mlango mwepesi? FromSoftware ilikataa kuuweka, na Sekiro ukachukua tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Sloclap ilikubali. Wengi wakaona ni udhaifu.

Si udhaifu. Yeyote anayefikiri hivyo angefanya vizuri kuingia katika nyumba ya michezo ya video katika mji wowote wa mashariki mwa Kongo. Pale, kijana hana konsoli nyumbani. Analipia dakika, au analipia mchezo mmoja, kwa franka alizozitafuta. Nyuma yake kuna wengine wanaongojea zamu, na kila mmoja ana maoni juu ya namna anavyoshika maneti. Ndiyo sababu mpira unatawala kule, pamoja na michezo ya ngumi ya watu wawili: mechi inaanza, inaisha, mwingine anakaa. Mchezo unaomtaka mtu apoteze jioni kumi mbele ya kuelewa pigo la kwanza ni mchezo wa mtu mwenye umeme usiokatika, konsoli yake, na usiku wake. Kumwambia kijana anayelipia dakika kwamba ugumu ndio heshima, ni kumwambia kwamba heshima inauzwa.

Zaidi ya hapo, hata katika vilabu vya kweli hakuna maître anayempiga mwanafunzi wa siku ya kwanza kama anavyompiga mwenye mkanda mweusi. Anampunguzia nguvu, lakini hampunguzii sheria: ukishusha mikono, utapigwa. Kiwango cha mwanafunzi katika Sifu kinafanya vilevile. Msimamo unabaki, kupangua kunabaki, miaka inaendelea kuhesabiwa. Kilichopungua ni adhabu. Somo lenyewe linabaki zima. Kama kingefuta kuzeeka kabisa, hapo walalamikaji wangekuwa na haki, kwani mchezo ungebaki ngozi bila mfupa.

Makosa ambayo ugumu hauyafuniki

Kuna makosa, hata hivyo, ambayo mashabiki wanayafunika kwa neno ugumu, na hayastahili kufunikwa. La kwanza ni kamera. Katika vyumba vidogo, mchezaji akisukumwa kwenye kona, picha inakaza mgongo wake na adui wa pembeni anapotea. Mchezo unaomwambia mtu asome mabega ya adui, kisha ukamficha adui huyo, umevunja ahadi yake mwenyewe. Pigo la namna hiyo halifundishi kitu, na miaka inayolipwa kwa ajili yake ni miaka iliyoibiwa.

La pili ni maelezo. Kukwepa kwa kichwa, ambako ndiko roho ya mfumo wote, kunataka mtu ashike kitufe cha kukinga na kusogeza kijiti cha maneti juu au chini kwa wakati mmoja. Kidole kinakataa, kwa sababu kila mtu akiona teke la chini anataka kuvuta chini, na mchezo unataka avute juu. Mchezo unaeleza mara moja, haraka, na kuendelea. Wachezaji wengi waliocheza masaa mengi kwa kukimbiakimbia hawakushindwa kwa uvivu. Hawakuelewa kwamba waliachwa na chombo muhimu kuliko vyote ndani ya sanduku.

La tatu si la vidole. Studio ya Ufaransa kuchukua kung-fu ya Wachina, uganga wao, jina lao la mwalimu, na kuuzia dunia nzima, kulileta maswali halali. Kazi ya Colussi juu ya mwendo wa mwili ni ya uaminifu, na inaonekana. Lakini watu wa ndani ya hadithi ni wembamba. Yang na wenzake wanne wana maumivu yao, wengine wana sababu zao, na mchezo unazitupa kwenye karatasi na picha za ukutani ambazo mchezaji mwenye haraka hazioni. Watu wa Kongo, ambao nyimbo, masanamu na vinyago vyao vimesafiri mbali bila wenyewe, wanaweza kulielewa lawama hili bila kuelezwa mara mbili.

Kusamehe ndiyo kazi ngumu zaidi

Kinachoupandisha Sifu juu ya michezo mingine ya ngumi kinakuja mwishoni, na wengi hawakifikii. Aliyewaua wote watano anafika mwisho wa hadithi, na mwisho huo hauna sherehe. Kisha mchezo unamwonyesha neno la Kichina, wude, yaani adabu ya mpiganaji, wema unaomfaa mtu mwenye uwezo wa kuua. Hapo njia nyingine inafunguka: kurudi kwa kila mmoja wa wale watano, kumshinda, na kumwacha hai.

Na hapa mfumo wa mapigano unasema kitu ambacho maneno matupu hayangeweza kusema. Kumwua mkubwa wa hatua ni kumvunja msimamo na kubonyeza vitufe vya pigo la mwisho. Kumsamehe kunataka zaidi. Msimamo wake ukivunjika, mchezaji anapashwa kuzuia mikono yake mwenyewe, kumwacha ainuke, na kumvunja tena, mpaka uchaguzi mwingine uonekane kwenye kioo. Kwa maneno mengine, msamaha unataka ufundi mkubwa kuliko kisasi, unachukua muda mrefu zaidi, na unamweka anayesamehe kwenye hatari ya kuzeeka tena. Filme nyingi za kung-fu zinasema kwamba mwenye nguvu anajizuia. Sifu hausemi. Unakifanya kidole cha mchezaji kijizuie.

Mashariki mwa Kongo, hadithi ya mtoto aliyeona baba yake akiuawa nyumbani usiku si hadithi ya filme. Kuna vijana katika Kivu na Ituri wanaoweza kuiona nusu saa ya kwanza ya mchezo huu na kuzima televisheni. Kwa hiyo ni vizuri kuangalia lugha. Hakuna maneti iliyoleta haki pahali popote, na watu wa upande huu wameisha kuambiwa mara nyingi mno wasamehe na kusahau, na mara nyingi anayesema hivyo hakupoteza mtu. Mchezo wa video ukija na somo la namna hiyo, ungestahili kurudishwa dukani.

Lakini somo la Sifu si hilo. Anayesamehewa katika mchezo huu amekwisha kushindwa. Yuko chini, msimamo wake umevunjika mara mbili, anajua alichofanya, na anajua ni nani aliyesimama mbele yake. Msamaha unakuja baada ya hesabu, na unatolewa na mwenye uwezo wa kukataa. Wala mchezo haumchukii yule aliyechagua kisasi. Unamhesabia tu: ulianza na miaka 20, angalia sasa una mingapi. Kwa inchi ambamo watoto wameanza kubeba ugomvi wa baba zao, na wajukuu wa babu zao, hiyo si hesabu ndogo.

Kosa linalobaki ni kwamba mchezo unaificha njia hiyo. Anayetaka kuipata anapashwa kwanza kuwaua wote, kufika mwisho, kisha kuanza upya. Mtu anaweza kusema ndivyo maisha yalivyo, kwamba wengi wanajifunza ubaya wa kisasi baada ya kukimaliza. Ni kweli, lakini ni kweli vilevile kwamba anayelipia dakika atacheza mara moja tu, ataua watano, na ataondoka akifikiri ameuelewa mchezo. Sloclap iliufungua mlango wa ugumu miezi mitatu baada ya mchezo kutoka. Mlango wa msamaha ungestahili kufunguliwa tangu mchezo wa kwanza.

Mpaka hapo, ushauri kwa kijana atakayeukuta mchezo huu kwa rafiki au katika nyumba ya michezo ni rahisi. Achague kiwango cha mwanafunzi bila aibu, hata wenye kungojea zamu wakicheka. Asikimbie: ashike kitufe cha kukinga, avute kijiti juu teke likija chini, achini ngumi ikija juu, na aangalie mabega. Akifa, atazame umri wake mbele ya kuinuka. Na akiisha kuwamaliza wote watano, asitoke. Arudi katika ule mtaa wa kwanza, amtafute yule mwenye panga aliyemtesa siku ya kwanza kabisa, amwangushe, kisha aone kama mkono wake unaweza kungoja.